Kamera na Simu Mbele ya Uso wa Mtu

Zamani mtu aliyetaka picha alikwenda kwa mpiga picha. Alioga, akavaa nguo yake ya sikukuu, akaketi mbele ya pazia, akaambiwa asitikisike. Siku hizi picha humfuata mtu aliko: jikoni, sokoni, chomboni, arusini, hata kando ya kitanda cha mgonjwa. Jambo lililokuwa safari limekuwa desturi ya kila saa, na chombo kilicholeta mageuzi haya si kamera bali ni simu. Watu huulizana kila siku, kati ya simu na kamera, kipi hutoa picha nzuri zaidi? Swali hili hujibiwa kwa hesabu za megapikseli na kwa bei za madukani, na mabishano yake hayana mwisho. Katika makala haya nataka kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yangu limelala chini ya hilo la kwanza: kati ya vyombo viwili hivi, kipi chaaminika zaidi kutuwekea sura za watu tuwapendao, na uaminifu wenyewe ni wa namna gani?

Sitaanza kwa kanuni. Mhakiki asiye na kitu mbele ya macho yake huhakiki hewa. Nitaanza kwa picha mbili ambazo nimeziweka mezani ninapoandika maneno haya. Zote mbili ni za mtu mmoja, marehemu bibi yangu mzaa mama, nazo zilipigwa siku moja, siku ya Idi, nyumbani kwake Ngamiani, mjini Tanga. Ya kwanza niliipiga mimi kwa kamera yangu, kamera ya lenzi ya kubadilisha, ambayo niliinunua kwa akiba ya miaka miwili na ambayo niliionea fahari kuliko ilivyostahili. Ya pili aliipiga mdogo wangu wa kike kwa simu yake, wala hakuionea fahari yoyote.

Katika picha yangu Bibi ameketi katika kiti karibu na dirisha la ukumbi. Nilikiweka kiti pale kwa makusudi, maana mwanga wa asubuhi uliingia kwa upande mmoja tu, ukamwangukia shavuni taratibu. Kila kunyanzi laonekana. Maandishi ya kanga yake yasomeka. Juu ya nyusi ya kushoto liko kovu dogo, alilolipata utotoni kwa kuanguka kisimani, na kovu hilo nalo limeandikwa barabara. Ngozi yake ni ile ile niliyoijua, nyeusi yenye wekundu kwa mbali, kama buni iliyokaangwa ikakaribia kuiva. Kwa mtu atafutaye ufundi, picha hii haina upungufu mkubwa. Lakini tazama macho. Macho hayo yanatazama kama mtu amtazamavyo karani aliyeshika kalamu. Mikono imewekwa magotini, sambamba, kama alivyofundishwa na wapiga picha wa ujana wake. Bibi alikuwa mcheshi wa mtaa mzima, na katika picha hii hakuna hata chembe ya ucheshi. Ngozi ipo, mwenyewe hayupo.

Katika picha ya pili Bibi yuko uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mdogo wangu amemtupia neno la utani, na mzee amerudisha kichwa nyuma, kinywa wazi, nusu ya nazi imeinuliwa mkononi kana kwamba ataitupa. Hakujua ya kuwa anapigwa picha. Kicheko kile, kwa wale waliomjua, karibu kisikike. Lakini sogea karibu uutazame uso. Makunyanzi yametoweka. Shavu limelainishwa kama sahani ya kauri. Kovu la juu ya nyusi halipo. Ngozi imeng'arishwa, ikawa ya mtu mwingine. Moshi wa meko nyuma yake umegeuzwa ukungu, na katika kuugeuza, simu imekata kipande cha ukingo wa ushungi ikidhani nacho ni sehemu ya moshi. Mwenyewe yupo, ngozi haipo.

Mdogo wangu alimpelekea simu aone. Bibi alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, huyu mwanamke umemtoa wapi?"

"Ni wewe, Bibi."

"Si mimi. Huyu hajapata kuzaa wala kuzika."

Tulicheka sote. Hakufika Idi iliyofuata. Baada ya arobaini ilipotakiwa picha ya kuweka ukutani, tuliona ya kuwa tuna hizi mbili tu zenye kufaa, na safari hii hakuna aliyecheka. Tangu siku ile swali la simu na kamera halikuwa tena kwangu swali la duka.

Wako wanaodhani ya kuwa ugomvi wa chombo chepesi na chombo kizito ni mpya. Si mpya. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, ambayo ilikuja na filamu ya picha 100 ndani yake. Kazi ya mnunuzi ilikuwa kubonyeza tu. Filamu ilipokwisha aliirudisha kamera nzima kiwandani, picha zikasafishwa, filamu nyingine ikatiwa, naye akarudishiwa. Mwaka 1900 ikaja Brownie, iliyouzwa kwa dola 1, ili hata mtoto awe na kamera yake. Mafundi wa zama zile walinung'unika ya kuwa sanaa imeangukia mikononi mwa wasioijua. Baadaye, mwaka 1975, mhandisi wa kampuni ile ile, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Picha yake moja ilikuwa na nukta 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp ilitoa huko Japani simu iliyoweza kupiga picha na kuituma kwa simu nyingine, na mwaka 2007 iPhone ya kwanza ikaja na kamera ya megapikseli 2, kiasi ambacho mpiga picha wa kazi angekidharau.

Dharau hiyo ililipwa haraka. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kamera zaidi ya milioni 120 zilitoka viwandani mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Kodak yenyewe, iliyowafundisha watu kubonyeza bila kufikiri, iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika mnamo Januari 2012. Hakuna haja ya kueleza zaidi ni nani aliyeshinda sokoni. Lakini ushindi wa soko si hukumu ya uhakiki. Chumvi ya bei rahisi huuzwa kuliko asali, wala hakuna aliyesema ya kuwa ni tamu zaidi.

Yapasa kwanza kuipa simu haki yake, na haki yake ni kubwa. Fadhila yake ya kwanza ni kuwapo. Kamera yangu hukaa katika mfuko wake, na mfuko hukaa juu ya kabati. Nikiisha kuushusha, mtoto amekwisha simama, amekwisha piga hatua, amekwisha anguka. Simu imo mkononi tangu zamani. Fadhila ya pili ni kutoogopwa. Kamera kubwa ikiinuliwa, watu hunyoosha migongo na kukaza midomo, kama walivyozoeshwa na ofisi za pasi na vitambulisho. Simu watu wamekwisha izoea, na kwa mazoea hayo huwaona walivyo. Fadhila ya tatu ni kutohesabu gharama. Filamu moja ya kamera za jana ilikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa fedha. Kwa hiyo ilipigwa arusi, wala haikupigwa siku ya kawaida. Alipigwa bwana arusi, wala hakupigwa mpishi. Katika kasha la nyumba yetu ziko picha za kila mjomba aliyepata kuvaa suti, lakini hakuna hata moja ya babu akishona nyavu, na babu alishona nyavu miaka 40. Simu ingempata. Mtu aidharauye simu na afikiri kwanza ni watu wangapi na kazi ngapi ambazo kamera za fahari hazikuona haja ya kuzitazama.

Walakini fadhila hizi zote ni fadhila za kufika, wala si za kuona. Simu hufika mapema. Swali ni je, ikifika, yaona nini?

Hapa yatupasa kuelewa kidogo jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mwanga ni kama mvua, na kile kibati kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kiitwacho sensa, ni kama chombo kilichowekwa uani kukinga maji. Sensa ya kamera kubwa ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Sensa ya simu nzuri kwa kawaida haizidi sana milimita 10 kwa 7, na za simu nyingi ni ndogo kuliko hapo. Basi moja ni beseni na nyingine ni kikombe; eneo la ile kubwa ni kama mara 12 ya ile ndogo. Mvua ikiwa kubwa, yaani mchana wa jua, vyombo vyote viwili hujaa, na tofauti haionekani kwa urahisi. Lakini jioni, au katika ukumbi wenye taa moja, kikombe hupata matone machache, na picha itokanayo na matone machache hujaa vumbi.

Watengenezaji wa simu hawakuweza kukikuza kikombe bila kuikuza simu, kwa hiyo walishika njia nyingine. Unapobonyeza mara moja, simu hupiga picha kadhaa kwa mfululizo wa kasi, ikazilaza moja juu ya nyingine, ikalinganisha, ikatoa vumbi, ikainua penye giza na kushusha penye mwanga mkali. Penye pengo hukisia. Kazi hii ni ya akili nyingi, na mara nyingi matokeo yake ni mazuri. Walakini ni vizuri tujue jina lake. Kamera, kwa sehemu kubwa, hukusanya. Simu hukusanya kidogo na kukadiria kingi. Picha ya simu ni ushahidi uliochanganywa na makisio, na mtazamaji hana njia ya kujua ushahidi umeishia wapi na makisio yameanzia wapi.

Mfano mmoja ulijulikana sana. Mnamo Machi 2023 mtumiaji mmoja wa simu ya Samsung alichukua picha ya mwezi, akaipunguza mpaka nukta 170 kwa 170, akaifanya ukungu hata ikabaki duara lenye madoa, akaionyesha kwenye kioo cha kompyuta chumbani gizani, kisha akaipiga kwa simu yake. Simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde na miinuko ambayo haikuwamo katika duara lile. Kampuni ilieleza ya kuwa programu ya simu imefundishwa kuutambua mwezi na kuuongezea undani, na ya kuwa mwenye simu aweza kuizima akitaka. Maelezo hayo ni ya haki. Isitoshe, mwezi haudhuriki, maana sote twaujua ulivyo, na anayeongezewa mabonde ayapata yale yale aliyo nayo. Bibi yangu hakuongezewa alicho nacho. Aliondolewa.

Msomaji aweza kunipinga hapa kwa kusema ya kuwa picha haijapata kuwa kweli tupu, na pingamizi hilo ni zito. Wapiga picha wa pwani yetu hawakuwa makarani wa kweli. Pale Unguja, tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, watu wa kila tabaka waliingia wakatengenezwa kwa taa na kwa mkao. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, ambaye alikata na kuunganisha picha kwa mkono wake mwenyewe, akamtia mtu ndani ya umbo la moyo au katikati ya ua. Hakuna mtu aliyepata kuota kutoka katika ua. Je, Bakor alidanganya?

Hakudanganya, na sababu yake ndiyo shina la hoja yangu. Ufundi wa Bakor ulionekana. Mteja aliujua, aliuagiza, aliulipia, akaupeleka nyumbani akauonyesha kwa majirani kama ufundi. Aliyeitazama picha ile alijua ya kuwa uso ni wa fulani na ua ni la fundi. Hali kadhalika pazia lililochorwa bahari au bustani. Hakuna aliyedhani ya kuwa mteja amesafiri. Kulikuwa na mapatano kati ya fundi, mteja na mtazamaji. Simu ya mdogo wangu haikupatana na mtu. Haikumwuliza Bibi kama anataka kuondolewa kovu lake, haikumwuliza mdogo wangu, wala haikuacha alama yoyote ya kuonyesha ya kuwa kovu lilikuwapo. Simwonei mtu kwa kutengeneza picha, maana kutengeneza ni haki ya kila sanaa. Lawama yangu ni juu ya kutengeneza kwa siri na kukiita kilichotengenezwa kuwa ndicho kilichokuwapo. Mrembo ajipakaye wanja hamdanganyi mtu. Bali apakwaye wanja akiwa usingizini ana haki ya kuuliza ni nani aliyeingia chumbani.

Nani aliyeingia chumbani? Mtu wa mbali, katika kiwanda cha mbali, aliyeamua ya kuwa uso mzuri ni uso laini na ngozi nzuri ni ngozi iliyong'aa. Kwa hiyo hatubishani tena juu ya vioo na vibati tu; twabishana juu ya mwenye kuamua. Na katika jambo hili wapenzi wa kamera, nami ni mmoja wao, hawana sababu ya kujitapa, kwa kuwa kamera nayo ina madhambi yake. Kwa miaka mingi filamu za rangi na mashine za kusafishia picha zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Rangi ya ngozi yake ikawa mizani. Ngozi nyeusi iliyowekwa katika mizani hiyo ilitoka kama kivuli chenye macho na meno. Lorna Roth, mwanachuo wa Kanada, aliyeichunguza habari hii na kuiandikia makala mwaka 2009, alionyesha ya kuwa wenye viwanda walisukumwa kurekebisha filamu na malalamiko ya wauza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri katika matangazo. Bidhaa zilisikilizwa kabla ya watu. Fungua albamu yoyote ya nyumba zetu ya miaka ya 1970 utaona matunda ya mizani ile: bibi arusi amepotea, gauni limebaki.

Basi kamera ya jana ilitufuta kwa giza, na simu ya leo hutufuta kwa mng'ao. Makosa mawili haya ni ndugu. Yote mawili yametoka kwa mtu aliyekaa mbali na uso wetu akaamua uonekane vipi. Ni haki kuongeza ya kuwa simu nayo imeanza kulilipa deni hili. Transsion, kampuni ya Shenzhen nchini Uchina yenye simu za Tecno, Infinix na itel, ilipata wateja wengi katika Afrika, na mojawapo ya mambo iliyoyatangaza ni kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 yenye marekebisho iliyoyaita Real Tone, yaliyofanywa kwa msaada wa wapiga picha waliozijua ngozi zisizo nyeupe. Hayo ni mema. Lakini ni mema tuliyopewa, si tuliyoyachagua. Na kinachopewa leo kwa programu mpya chaweza kuondolewa kesho kwa programu nyingine, wala mwenye simu asijue.

Baki ya tofauti kati ya vyombo viwili hivi nitaipita upesi, maana haina ubishi mwingi. Lenzi ya kawaida ya simu huona kwa upana, sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 katika kamera kubwa, na mtu akiisogeza karibu na uso ili kuujaza kioo, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Wapiga picha wa nyuso hupendelea lenzi ya milimita 85 au karibu na hapo, inayowaruhusu kusimama hatua kadhaa mbali na kuuacha uso katika vipimo vyake. Mtoto akimbiaye katika chumba chenye mwanga hafifu huishinda simu, na kamera humpata. Kwa mandhari ya mchana, kwa chakula mezani, kwa kundi la watu chini ya mwembe, atakayeona tofauti ni mwenye kuitafuta.

Mtu mwingine atasema ya kuwa kamera za siku hizi nazo zina kompyuta ndani yake, nazo hung'arisha na kulainisha. Ni kweli. Atasema tena ya kuwa simu nyingi zaweza kuamriwa zisilainishe uso, na baadhi yake huhifadhi picha ghafi kama kamera. Hiyo nayo ni kweli, tena ni msaada kwa hoja yangu. Tofauti iliyo kubwa iko katika desturi ambayo chombo humkuta nayo mwenyewe. Kamera humtaka mtu aamue kabla ya kubonyeza: mwanga kiasi gani, umbali gani, kitu gani kiwe wazi na kipi kififie. Asiyeamua hupata picha mbaya, na ubaya wake humfundisha. Simu humwondolea maamuzi yote na kumpa picha ya kupendeza kwa hali yoyote, na kupendeza huko hakumfundishi kitu. Mdogo wangu hakuamua kumlainisha Bibi. Hakujua ya kuwa kuna la kuamua. Simu ilitoka dukani ikiwa imekwisha amua.

Liko pia jambo la kuhifadhi, na hapa wote tuna hatia. Picha za filamu zilikuwa chache lakini zilikuwa vitu. Zilishikika, zikatiwa katika albamu, zikafungiwa kabatini pamoja na hati ya nyumba. Picha za siku hizi ni maelfu, nazo hukaa ndani ya kitu kinachoweza kuibwa kituoni cha basi au kuzama majini kwa kuteleza mara moja. Zikitumwa kwa jamaa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, zikafifia kama kanga iliyofuliwa kupita kiasi. Mwenye picha 9,000 asiyesafisha hata moja, siku simu ikifa, ni maskini kuliko babu yake aliyekuwa na picha 3 ukutani. Kosa hili si la simu peke yake, maana kadi za kamera nazo zimejaa picha zisizopata kuona karatasi. Walakini simu ndiyo iliyotuzoesha kudhani ya kuwa kilichopigwa kimehifadhiwa.

Sasa yapasa nitoe hukumu, maana mhakiki anayeishia kusema kila kimoja kina wema wake amekula mshahara wa bure. Kwa picha za kila siku, simu ndiyo ya kushika, na nasema hivi nikiwa mwenye kamera. Picha isiyopigwa haina uzuri wala ubaya, na simu hupiga zile ambazo kamera ingezikosa. Lakini isishikwe kama ilivyotoka dukani. Mwenye simu na aifungue, atafute mahali panapolainisha nyuso, apazime, kisha ampige mtu mmoja anayemjua sana na kuilinganisha picha na uso wenyewe. Likipungua kovu moja, simu hiyo bado ina bwana mwingine. Kamera na ibaki kwa wale walio tayari kujifunza kuona, na kwa zile nyuso ambazo hatuna nafasi ya kuzikosea: wazee, hasa wazee. Na mwenye kamera kama mimi na ajifunze kutoka kwa simu lile ambalo kamera haikumfundisha, ya kuwa mtu hapatikani kwa kuketishwa kitini. Ningaliipeleka kamera yangu uani asubuhi ile, penye mbuzi na moshi, badala ya kumwita Bibi aje kwenye dirisha langu, makala haya yasingalikuwa na sababu.

Sikuipeleka, na tukabaki na picha mbili, kila moja na nusu ya mtu. Wajomba walitaka yangu, kwa kuwa ilikuwa na heshima. Mama ndiye aliyemaliza shauri. Alizishika zote mbili kwa muda, akaweka yangu chini, akasema, "Makunyanzi yake nayakumbuka. Kicheko chake ndicho ninachoogopa kukisahau." Ile ya simu ikatiwa katika fremu, nayo iko ukutani hata leo.

Kwa Mama, hukumu ile ilikuwa sahihi kabisa, maana yeye alikuwa na uso wenyewe moyoni na aliweza kuyarudisha makunyanzi kila alipoitazama picha. Kwa vitukuu haitakuwa hivyo. Wao hawatakuwa na cha kurudisha. Watamwona mwanamke laini anayecheka, wataamini. Kwa sababu hiyo niliisafisha na picha yangu vile vile, nikaitia katika albamu, na siku moja nikaishusha ile ya ukutani, nikafungua fremu, nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: "Alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Aliangukia kisimani."